Somo la Historia: Shomoro wa Uchina

Fungueni vitabu, mfuate maneno kwa kidole polepole. Leo tutasoma habari za kazi iliyofanywa ili kuongeza chakula, nayo ikakipunguza.

Mwaka 1958 serikali ya Uchina, chini ya Mao Zedong, iliwaamuru watu wapigane na maadui wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro alishtakiwa kwa kula nafaka. Hesabu ilionekana rahisi: ndege wakipungua, chakula kitazidi.

Mwezi wa Aprili, katika mji wa Beijing, wakubwa kwa wadogo walitoka siku tatu wakipiga masufuria na ngoma. Ndege waliogopa kutua. Waliruka mpaka nguvu zikawaishia, wakaanguka. Viota vilibomolewa, mayai yakavunjwa. Ndivyo ilivyofanywa nchi nzima.

Lakini shomoro hali nafaka tu. Mtaalamu wa ndege, Zheng Zuoxin, alipasua matumbo ya shomoro ili kutazama walichokula. Aliona kwamba wakati wa kulea, makinda hulishwa hasa wadudu. Basi yule aliyeuawa kama mwizi wa shamba alikuwa pia mlinzi wake. Ndege walipotoweka, wadudu waharibifu walipata nafasi.

Kutoka 1959 mpaka 1961 Uchina ilipatwa na njaa kuu, wakafa watu mamilioni mengi. Tusiseme kwamba njaa ile ilitokana na shomoro peke yake. Wakulima wengi walikuwa wameondolewa mashambani wakayeyushe chuma. Viongozi walitoa hesabu za uongo za mavuno, na serikali ikachukua nafaka kwa hesabu hizo. Lakini kuua ndege kulizidisha taabu juu ya taabu.

Mwaka 1960 shomoro alitolewa katika orodha ya maadui, akatiwa kunguni mahali pake. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, ndege na watu.

Ndugu zangu, mkulima akimwona ndege shambani, huona punje anayoichukua. Mdudu aliyeliwa haonekani tena, kwa hiyo hahesabiwi. Kabla ya kuondoa kitu, tuulize kwanza kinafanya kazi gani.

Maswali ya darasani:
1. Maadui wanne walikuwa nani?
2. Zheng Zuoxin aliona nini?
3. Taja sababu nyingine mbili za njaa.

Kwaherini mpaka somo lijalo.