Walokole na Deni la Kurudisha

Bibi yangu mzaa mama alilelewa katika nyumba ya walokole karibu na Bukoba. Leo anaishi nasi Malton, kaskazini-magharibi mwa Toronto, ambako ndege zinazotua Pearson hupita juu ya paa letu mchana na usiku. Hadithi anayoirudia kuliko zote ni ya baba yake na mbuzi. Alipookoka, alikumbuka kwamba miaka mingi nyuma alimdhulumu jirani mbuzi mmoja. Jirani mwenyewe alikuwa ameshasahau. Hata hivyo alimpelekea mbuzi wawili, akasimama mbele ya watu wa nyumba ile na kusema alichofanya. Bibi humalizia kwa maneno yale yale kila mara: "Mlokole asiyerudisha ameimba tu."

Nilidhani hiyo ni hadithi ya familia yetu peke yake. Mwaka huu, nilipoanza kusoma historia ya dini Afrika Mashariki, nikagundua kwamba karibu kila mji ulioguswa na Uamsho una mbuzi wake.

Uamsho huu ulianzaje? Masimulizi mengi huanzia kilima cha Namirembe, Kampala, Septemba 1929. Hapo Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mfanyakazi wa idara ya afya, alikutana na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza kutoka hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akikiri kwamba kuna kitu kinakosekana katika maisha yake. Church alirudi Gahini. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye alikuwa akifanya kazi huko. Kufikia mwisho wa 1933, wafanyakazi na waumini wa Gahini walikuwa wanasimama mmoja mmoja na kutubu hadharani. Kigozi alifariki kwa homa Januari 1936, akiwa bado kijana, lakini wito wake kwa kanisa lililolala uamke ulienea. Kutoka Rwanda na Uganda moto ule ulifika Kenya na Tanganyika. Watu walijulikana kwa jina la Kiganda, balokole, yaani waliookoka, na kwa wimbo wao wa Tukutendereza, ambao bibi bado anauimba jikoni.

Mwanafunzi wa historia ana tatizo hapa. Imani ni jambo la moyoni, na moyo hauachi hati. Tutajuaje kwamba mtu wa 1935 alikuwa mkweli? Jibu langu ni kwamba hatuwezi kuujua moyo wake, lakini tunaweza kuangalia ilimgharimu nini. Walokole walirudisha vitu. Wamisionari na maafisa wa serikali waliandika kwa mshangao kuhusu watu waliokuja kulipa kodi waliyokwepa, au kurudisha mali waliyoiba kwa waajiri wao. Hakuna aliyewashika. Wengine walijua kwamba wakisema ukweli wanaweza kupoteza kazi, na bado walisema.

Gharama iliongezeka. Mwaka 1941, katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, akiwemo kiongozi wao William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri na mahubiri yao. Wengi wao walikuwa wanasomea uchungaji. Kwa hiyo walipoteza kazi ya maisha yao kwa kutotii kanisa lile lile walilolipenda.

Kisha ikaja vita ya Mau Mau. Serikali ya kikoloni Kenya ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo, wakisema damu ya Kristo imeshawatosha. Lakini wengi walikataa pia kuchukua bunduki za serikali na kuwa askari wa ulinzi wa vijiji. Pande zote mbili ziliwashuku. Baadhi waliuawa. Siandiki haya ili kusema kwamba waliopigania ardhi walikosea, kwani ardhi ilikuwa imeporwa kweli. Ninachosema ni kwamba walokole hawa hawakuchagua upande uliokuwa salama.

Mfano unaojulikana zaidi ni Janani Luwum. Alikuwa mwalimu kijana wa Kiacholi alipookoka mwaka 1948 kupitia Uamsho. Mwaka 1974 akawa askofu mkuu wa Kanisa la Uganda, chini ya utawala wa Idi Amin. Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huo alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ilisema ni ajali ya gari, na ni wachache walioamini. Leo sanamu yake iko juu ya mlango wa Westminster Abbey, London, na tarehe 16 Februari ni sikukuu Uganda.

Mtaa wetu nao una alama ya utawala ule. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na maelfu walipokelewa Kanada, wengi wao Waislamu na Wahindu. Dukani hapa Malton nimewahi kusikia mzee wa Kihindi akimjibu bibi kwa Kiswahili cha Kampala. Walicheka, kisha wakanyamaza kidogo. Mtu aliyewafukuza hao ndiye aliyemuua askofu wa bibi.

Sasa niseme upande mwingine, maana nyani haoni kundule, na mjukuu wa walokole anaweza kuwa nyani huyo. Toba ya hadharani iliumiza watu. Aliyesimama kutaja uzinzi wake alimtaja pia mwenzake, ambaye labda hakuwa tayari. Ndoa zilivunjika, wazee walidharauliwa, na walokole wengine waligeuka mahakimu wa mavazi na vinywaji vya wenzao. Walipogombana wao kwa wao, waligombana vikali.

Na kuna 1994. Uamsho ulichukua moto Rwanda, na ni Rwanda hiyo hiyo ambako mamia ya maelfu ya Watutsi waliuawa. Watu waliokimbilia makanisani, kama Ntarama na Nyamata, waliuawa humo humo. Hayo yalikuwa makanisa ya Kikatoliki, lakini Waanglikana hawawezi kujificha nyuma ya tofauti hiyo: askofu wao mmoja alishtakiwa katika mahakama ya Arusha, akafariki 2003 kabla ya kuhukumiwa. Wapo Wakristo waliowaficha majirani zao na kufa nao. Lakini hatuwezi kusema kwamba nchi iliyowahi kutubu imeshatubu milele. Nadhani hili ndilo somo gumu kuliko yote: uaminifu wa babu haurithiwi kama shamba.

Nilijaribiwa katika somo hilo kiangazi kilichopita. Nilikuwa nafanya kazi katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Kwa makosa, nililipwa Jumamosi mbili ambazo sikwenda kazini. Rafiki zangu waliniambia kampuni ni tajiri, haitajua. Nilimsimulia bibi nikitegemea atacheka. Hakunihubiria. Aliuliza tu, "Hizo pesa za nani?" kisha akaendelea kuchambua mchele.

Nilikaa nazo siku tisa. Siku ya kumi nikaenda kwa msimamizi wangu. Alichukua muda mrefu kutafuta namna ya kuzipokea, kwa sababu kompyuta yake haikuwa na mahali pa mtu anayerudisha. Aliponiuliza kwa nini, nilisema, "Sikuzifanyia kazi." Sikutaja dini, na sikujiona mtakatifu. Nilijiona maskini, maana karo ilikuwa inakaribia.

Sifananishi pesa zangu na damu ya Luwum. Lakini naye hakuanzia kwa Amin. Alianzia 1948, mwalimu wa kawaida akikiri makosa ya kawaida mbele ya watu waliomfahamu. Historia huandika mwisho wa watu kama hao kwa herufi kubwa. Mwanzo wao huwa mdogo, kama mbuzi wawili wanaopelekwa kwa jirani aliyeshasahau.