Pa Kuzeekea

Mtu wa nchi za baridi akishafika miaka 60 na kupewa kiinua mgongo chake, aghlabu huanza kuulizia jua. Hutazama ramani, huhisabu pesa zake zitakwenda umbali gani katika nchi iliyo maskini kuliko kwao, kisha huuza nyumba akahamia pwani ya mbali, apate kukaa barazani akitazama bahari mpaka siku yake ifike. Waingereza huenda Hispania. Wamarekani huenda Florida. Na sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki twawaona kwetu: Malindi, Watamu, Diani, Nungwi. Jambo lenyewe halina ubaya kwa asili yake. Wazee wetu nao ni watu wa kuhama, na nasaba nyingi za Lamu na Unguja huanzia jahazini. Lakini liko suali ambalo mgeni huyu wa jua haulizwi, wala mwenyewe hajiulizi: pale aendapo kupumzika, nani alikuwa akipumzika kabla yake?

Ndugu msomaji, khabari za suali hili zasomeka vizuri zaidi bara kuliko pwani. Yale yanayotutokea sisi kidogo kidogo, kiwanja kimoja kimoja, kule Ngorongoro na Karatu yamekwisha kutokea yote, na katika muda ambao mjukuu angeweza kusimuliwa na babu yake.

Zamani pale palikuwa na mlima wa moto. Kilele chake kikaporomokea ndani, likabaki bonde la duara kama sufuria, lenye eneo la kilomita za mraba 264 na kuta za mita 600 hivi. Ndani mna ziwa la magadi, mna mto Munge, mna msitu wa migunga wa Lerai, na malisho na maji havikosekani mwaka mzima. Juu ya ukingo ni baridi. Mtu wa Mombasa akilala pale kwa shuka moja ataamka na mafua. Upande wa kusini na mashariki udongo mwekundu wateremka mpaka Oldeani na Karatu, nchi ya Wairaqw, ambao wengi wetu twawaita Wambulu. Mzungu aliyeogopa homa za pwani alipopanda huko akakuta jua kali, hewa nyepesi na mbu wachache, aliona kuwa amefika peponi kabla ya wakati wake.

Watu wamekaa humo tangu zama za kale. Yamo makaburi ya mawe ya wafugaji waliotangulia, ambao majina yao hatuyajui. Baadaye walikaa Wadatoga, na katika karne ya 19 Wamasai wakapigana nao wakawatoa. Twalitaja hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna kabila katika Afrika liwezalo kusema kuwa mikono yake haijapata kumsukuma mtu.

Mzungu wa kwanza kuingia katika bonde lile alikuwa Oscar Baumann, mtu wa Austria, mwaka 1892. Jina lake si geni pwani. Mwaka 1888 yeye na mwenziwe Hans Meyer walikamatwa na watu wa Bushiri bin Salim, wakafungwa minyororo, wasiachiwe mpaka ilipolipwa fidia. Miaka minne baadaye alitoka Tanga na msafara mkubwa wa wapagazi na askari, wengi wao watu wa pwani. Kwa hiyo macho ya Waswahili yaliliona bonde lile siku ile ile yalipoliona macho ya Baumann, ijapokuwa vitabu vyataja macho mawili tu. Waliyoyaona yalikuwa ya kuhuzunisha. Sotoka ilikuwa imewaua ng'ombe wa Wamasai karibu wote, na ndui ikawafuatia watu wenyewe. Walikuta wanawake waliobaki mifupa na ngozi, na watoto wanaokula ngozi kavu. Baumann aliandika hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1894, akarudi Afrika kuwa balozi mdogo wa Austria huko Unguja, na mwaka 1899 akafa kwao Vienna, hana ila miaka 35.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Nchi ile ilionekana tupu kwa kuwa wenyewe walikuwa wanakufa. Tarehe 26 Novemba 1895 Kaisari wa Ujarumani akatoa amri kuwa ardhi yote ya koloni lake isiyo na mwenyewe ni mali ya taji. Nani atahukumu kuwa haina mwenyewe? Afisa yule yule atakayeigawa. Mchungaji aliyehama na ng'ombe zake kufuata mvua akirudi alikuta kigingi.

Tulinganishe na fiqhi yetu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, wasema kuwa ardhi mfu huwa ya aliyeihuisha. Lakini malisho ya watu, njia yao ya maji na mahali pao pa kukusanyika ni harimu ya mji wao. Havihesabiwi kuwa ardhi mfu hata kama hapana jiwe lililojengwa juu yake. Lau kama sharti hilo lingetazamwa, Ngorongoro isingeandikwa jina la mtu hata mmoja.

Ikaandikwa jina la Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf. Hao walikuwa ndugu wawili wa Kijarumani, waliokodishwa ardhi humo ndani mwanzoni mwa karne ya 20. Wakajenga, wakafuga, wakawaalika rafiki zao kuja kuwinda, na wakajaribu kuwaswaga nyumbu wote watoke bondeni ili majani yabaki ya ng'ombe wao. Nyumbu hawakutoka. Waliotoka ni wao wenyewe, maana vita vya 1914 viliwakuta humo, na Waingereza waliposhinda mali yao ikawa mali ya adui.

Akaja tajiri wa Kiskoti, Sir Charles Ross. Huyu ndiye aliyebuni bunduki iliyoitwa kwa jina lake, waliyopewa askari wa Kanada katika vita vile. Ilikuwa ikikwama kwa tope la mahandaki, mpaka ikaondolewa mwaka 1916. Katika miaka ya 1920 akaipata ardhi ya akina Siedentopf. Hata serikali ilipokataza uwindaji ndani ya bonde mwaka 1928, mashamba yale ya zamani hayakuingizwa katika katazo. Ross naye hakuzeekea Ngorongoro. Alikuwa akigombana na serikali ya Uingereza kwa ajili ya kodi, na mwaka 1942 alikufa St. Petersburg, huko Florida, mji wa jua na bahari.

Tukiteremka Oldeani na Karatu, mambo yalikwenda vivyo hivyo, ila kwa watu wengi zaidi. Tangu mwaka 1925 Wajarumani waliruhusiwa tena kuingia Tanganyika, na wengi wakapanda kahawa chini ya mlima Oldeani. Hawakuwa wastaafu, wengi walikuwa vijana na watu wa makamo waliopoteza mali zao vitani, waliokuja kutafuta mahali pa kulea watoto na kufia. Walijenga nyumba za mawe zenye bustani za maua, na nyingine zimesimama hata leo. Lakini walikuja pia na siasa zao, na katika miaka ya 1930 bendera ya Hitler ilipepea katika sherehe zao. Vita vilipotangazwa Septemba 1939 wanaume walikamatwa. Wengine wakarudishwa Ujarumani, wengine wakazuiliwa kambini, na mashamba yakashikwa na msimamizi wa mali ya adui. Kwa mara ya pili katika miaka 25 Mjarumani akatoka na sanduku lake, na mti alioupanda ukazaa kwa mwingine.

Mwingine huyo alikuwa Mwingereza. Mashamba mengi waligawiwa askari waliotoka vitani. Shamba moja karibu na Karatu, lenye nyumba iliyojengwa na Mjarumani mwaka 1929, lilichukuliwa na James Gibb mwaka 1948, na mwaka 1972 nyumba ile ikaanza kupokea wageni waendao kutazama wanyama. Mwairaqw, ambaye ng'ombe zake na shamba lake vilikuwa vikisogea kaskazini kutoka milima ya Mbulu kwa kukosa nafasi, alipita kando ya ua wa kahawa, au aliingia ndani kuwa kibarua.

Msomaji wa pwani asidhani kuwa haya ni ya Wambulu na Wamasai peke yao. Wazungu wa mashamba ya baridi ya Kenya walipozeeka walishuka bahari. Tangu miaka ya 1930 Malindi ikawa mji wao wa mahoteli na nyumba za uzeeni, na Kilifi kadhalika. Tangu mwaka 1964 Wataliani walipoanza kurusha vyombo vya angani kutoka kituo cha San Marco, karibu na Malindi, watu wao nao wakaipenda pwani ile, na leo muuza madafu wa Malindi huhisabu kwa Kitaliani. Walikaa juu ya ardhi gani? Katika mwaka 1908 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya hati za ardhi za pwani: mwenye dai alete dai lake, na kisichodaiwa kikawa cha taji. Aliyekuwa na hati na wakili alipata. Mmijikenda aliyelima nyuma ya mji hakupata, na wajukuu zake mpaka leo huitwa maskwota mahali walipozaliwa. Amri ya Kaisari ya 1895 na sheria hii ya 1908 zilitoka kwa mataifa mawili yaliyokuwa yakichukiana, lakini zilizaliwa na fikra moja.

Siku hizi sheria zimebadilika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimpi mgeni zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Kizuizi kipo, basi. Lakini kijana anayeuza kiwanja cha ufukweni cha marehemu nyanya yake ili anunue gari hakuhitaji Kaisari wa kumtoa. Ametoka kwa miguu yake, na pengine dada zake hawakupewa hata sehemu yao ya mirathi.

Turudi Ngorongoro, kwani huko pana kaburi. Tarehe 10 Januari 1959 kijana wa Kijarumani, Michael Grzimek, mwenye miaka 24, alikufa ndege yake ilipogongana na tai. Yeye na baba yake Bernhard walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, na filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Akazikwa juu ya ukingo wa bonde. Baba yake alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa yakazikwa pale pale. Baba huyu ndiye aliyeshikilia kuwa hifadhi ya wanyama isikaliwe na watu, hata wenyeji wake. Twamhurumia mzazi aliyefiwa na mwanawe; hilo haligombani na kuona kuwa yeye amepata ukingoni mahali pa kulala milele, na aliye hai huulizwa atahama lini.

Maana Wamasai waliahidiwa. Mwaka 1958 wazee 12 walitia alama zao wakikubali kutoka Serengeti, na mwaka 1959 likafanywa eneo la Ngorongoro, ambamo watu na wanyama wangekaa pamoja. Gavana Turnbull aliwaambia kuwa maslahi ya wanyama yakigongana na ya watu, ya watu ndiyo yatakayotangulia. Mwaka 1974 waliokuwa wakikaa chini bondeni waliondolewa, na mwaka uliofuata kilimo kikakatazwa katika eneo zima.

Mmoja aliyeyashika makubaliano yale kwa dhati alikuwa Henry Fosbrooke, afisa wa kikoloni aliyekuwa ameishi na Wamasai na kuandika mila zao. Aliliongoza eneo lile katika miaka ya kwanza ya uhuru, kisha akamkabidhi Solomon ole Saibull, Mtanzania wa kwanza kushika kazi hiyo. Alipostaafu hakurudi Uingereza, wala hakutafuta pwani. Alikaa kando ya ziwa dogo la Duluti, karibu na Arusha, akawa mzee wa kuulizwa na kila mwanafunzi, na huko alifariki mwaka 1996. Karatasi zake zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alizeeka ugenini kama wengine walivyotaka kuzeeka, na sijasikia mtu aliyesema kuwa Fosbrooke amekaa mahali pake.

Watu wa Ngorongoro walikuwa kiasi cha 8,000 mwaka 1959. Kufikia mwaka 2022 walikuwa wamepita 100,000, na serikali ilisema kuwa eneo limeelemewa. Juni 2022 ilianza kuwahamisha waliojiandikisha kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, ambako walijengewa nyumba za vyumba vitatu na kupewa mashamba. Serikali ilisema kuwa ni kwa hiari. Wengi waliokataa walisema kuwa hiari gani hiyo, shule na hospitali zikinyimwa fedha nyuma yao. Msomera ni katika nchi ile ile ya Tanga ambako Baumann alianzia msafara wake, na ilitajwa kuwa ina nafasi. Walikuwako watu, wakilima na kuchunga, na baadhi yao wakalalamika kuwa viwanja walivyogawiwa wageni vilikuwa mashamba yao na malisho yao.