KICHOCHO: SAFARI YA MNYOO ILIYOTAFUTWA KWA MIAKA 64

Leo tunazungumzia kichocho, ugonjwa unaowajua vizuri wakulima wa mpunga wa Mwea, wavuvi wa Ziwa Victoria, na watoto wa Kwale na Tana River. Bila shaka umewahi kuambiwa: usikojoe majini. Wengi husikia na kupuuza, kwa sababu hawakuelezwa ni kwa nini. Jibu la swali hilo liliwachukua wataalamu miaka 64, na leo tutafuata hatua zao moja baada ya nyingine.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale mno. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alieleza kwamba ameona mayai ya kichocho katika figo za maiti mbili zilizokaushwa huko Misri zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Vizazi kwa vizazi, wakulima wa kando ya Mto Nile walikojoa damu bila kujua chanzo chake.

Mwaka 1851 Theodor Bilharz, daktari kijana kutoka Ujerumani, alikuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Kairo. Ndani ya mshipa wa damu unaoelekea kwenye ini alikuta minyoo midogo myeupe. Mnyoo huyu ana urefu wa sentimita moja hivi au mbili. Dume ana mkunjo kwenye mwili wake, na jike, mwembamba kama uzi, hulala ndani ya mkunjo huo. Huishi hivyo kwa miaka, jike akitaga mayai kila siku. Chini ya hadubini, yai huonekana likiwa na mwiba. Mayai mengine hutoka na mkojo au choo. Mengine hukwama kwenye kibofu, utumbo na ini, na hayo yaliyokwama ndiyo huleta vidonda, damu na kuvimba kwa ini.

Basi mnyoo alijulikana. Lakini aliingiaje mwilini? Ilionekana kwamba yai likifika kwenye maji safi hupasuka, akatoka kiluwiluwi mwenye vinyweleo vya kuogelea. Arthur Looss, mtaalamu wa minyoo aliyefanya kazi Kairo, alishikilia kwamba kiluwiluwi huyo humwingia binadamu moja kwa moja. Wengine walisema humezwa na maji ya kunywa. Msikilizaji, haya hayakuwa mabishano ya bure. Kama ugonjwa unatokana na kunywa, ingetosha kuchemsha maji ya kunywa, kisha uoge mtoni upendavyo.

Mwanga ulitoka mbali, huko Japani, ambako mnyoo wa jamii hiyo hushambulia watu pamoja na wanyama. Mwaka 1904 Katsurada alimkuta mnyoo huyo ndani ya paka. Mwaka 1909 Fujinami na Nakamura waliwaingiza ng'ombe kwenye maji yenye ugonjwa. Ng'ombe waliozuiwa wasinywe, lakini miguu yao ikalowa, waliambukizwa. Njia ilikuwa ni ngozi! Mwaka 1913 Miyairi na Suzuki wakaona jambo jingine: kiluwiluwi mwenye vinyweleo aliingia ndani ya konokono mdogo wa majini, akazaana humo, na waliotoka walikuwa na umbo jingine kabisa, wenye mkia uliogawanyika kama panda.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Uingereza ilimtuma Robert Leiper nchini Misri kwa ajili ya usalama wa wanajeshi wake. Alikusanya konokono kwenye mifereji karibu na Kairo. Akathibitisha kuwa kuna minyoo ya aina mbili: mmoja mayai yake yana mwiba mwishoni, naye huleta kichocho cha mkojo, wa pili mayai yake yana mwiba ubavuni, naye huleta kichocho cha tumbo. Kila aina ina konokono wake. Maoni ya Looss yakaanguka.

Sasa tazama mnyororo huo. Kiluwiluwi wa yai huishi kama siku moja tu. Asipopata konokono, hufa. Akimpata, baada ya wiki kadhaa mmoja huzaa maelfu. Hao nao huishi kama siku mbili. Wakigusa ngozi yako hupenya kwa dakika chache, na mkia hubaki nje.

Wajapani waliukata mnyororo kwa kuua konokono na kujengea mifereji kwa saruji, hata mkoa wa Yamanashi ukatangaza mwaka 1996 kwamba ugonjwa umekwisha. Kwetu je? Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii mingine kuingia. Mtoto aliyemeza vidonge shuleni akirudi kwenye bwawa lile lile, ataambukizwa tena.

Wala hatuwezi kumwambia mkulima wa mpunga asikanyage maji. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini kwetu anayepeleka mayai majini ni hasa binadamu, si ng'ombe. Kwa hiyo choo kilichochimbwa karibu na shamba au ufuo wa ziwa ni kinga kubwa kwa wote wanaoyatumia maji hayo. Maji ya kuoga yakae kwenye pipa lisilo na konokono kwa saa 48, au yachemshwe.

Na wazazi, mtoto wa kiume akikojoa damu, hiyo si dalili ya kubalehe. Wasichana na akina mama nao wanaweza kupata vidonda sehemu za siri kutokana na kichocho, wakadhaniwa wana ugonjwa wa zinaa na kuaibishwa bure. Nendeni kituo cha afya, mkapimwe.

Yai moja haliwezi kuruka kutoka mwilini mwako hadi kwa jirani. Linahitaji ulipeleke majini. Usilipeleke.