Vita vya Kugombea Pemba

Kisiwa cha Pemba kimetengana na bara kwa mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita zipatazo 50, kati ya Unguja kusini na Mombasa kaskazini. Ardhi yake ni ya vilima na mabonde, mvua zake ni nyingi, na tangu zamani mabonde hayo yamelimwa mpunga. Mabaharia wa Kiarabu walikiita Kisiwa cha Kijani. Rutuba hiyo ndiyo iliyokivutia vita. Mombasa ilihitaji chakula cha Pemba, na kila aliyetaka kuitawala Mombasa, au kuidhoofisha, alianza kwa kukitazama kisiwa hiki.

Alama kongwe ya vita iliyosalia ni magofu ya Pujini, kusini-mashariki mwa Chake Chake. Ngome hiyo ya karne ya 15 ilizungushiwa boma la udongo na handaki, jambo lililokuwa nadra katika miji ya Waswahili ya wakati huo. Masimulizi ya Wapemba yanamtaja mjenzi wake kuwa Mkama Ndume, mtawala aliyesifika kwa ukali na kwa kuwatumikisha raia zake.

Wareno walipoishika pwani katika karne ya 16, Pemba ililazimishwa kuwatii, lakini haikutulia. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, Sultani wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa, aliwageuka, akamuua kapteni wao na kuiteka ngome yao mjini humo, Ngome ya Yesu. Uasi ukaenea hadi Pemba. Yusuf aliihama Mombasa mwaka uliofuata, na Wareno wakarudi kulipiza kisasi. Maandishi yaliyochongwa kwenye lango la Ngome ya Yesu yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuwaadhibu watu wa Pemba na kuwaua viongozi wao. Utawala wa Wareno ulivunjwa na Waomani, walioizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Wareno waliirudia Mombasa kwa muda mfupi tu, mwaka 1728 na 1729.

Katika karne ya 18 ukoo wa Mazrui, waliokuwa maliwali wa Oman huko Mombasa, ulianza kujitawala. Wakaitia Pemba mkononi, na mchele wake ukawalisha watu na askari wao. Kwa nguvu hiyo Ali bin Uthman Mazrui aliishambulia Unguja katika miaka ya 1750, ila aliuawa huko huko na jamaa yake mwenyewe, na jeshi likarudi bila ushindi.

Mgogoro kati ya Wamazrui na Oman ulifikia kilele wakati wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman. Baadhi ya wakubwa wa Pemba, waliochoshwa na Wamazrui, walipeleka ujumbe Muscat kuomba msaada. Karibu mwaka 1823 majeshi ya Seyyid Said yalitoka Unguja yakaitwaa Pemba. Mbaruk bin Ahmed Mazrui alivuka na askari kutoka Mombasa kwenda kuikomboa, akashindwa. Pigo lilikuwa kubwa, kwani Mombasa ilibaki bila ghala lake. Ndiyo maana Februari 1824 Wamazrui walimwomba kapteni wa Kiingereza, William Owen wa manuwari Leven, awatie chini ya himaya ya Uingereza, na sharti lao mojawapo lilikuwa kurudishiwa Pemba. Owen alifika Pemba pamoja na Mbaruk kudai kisiwa, lakini wakuu wa Seyyid Said hawakukubali kukitoa. Himaya hiyo ilikwisha mwaka 1826, na mwaka 1837 Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwa Seyyid Said.

Baadaye karafuu ikachukua nafasi ya mchele. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, ilhali ya Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, hivyo mashamba ya Pemba yakahitaji watumwa zaidi. Mwaka uliofuata Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Magendo ya watumwa yakahamia kwenye hori za Pemba, ambako mikoko iliyaficha majahazi.

Tarehe 3 Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa manuwari ya Kiingereza London, iliyopambana na magendo hayo, alikuwa na mabaharia wachache katika mashua ya mvuke karibu na Pemba. Walilisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa, wakikusudia kukagua hati zake tu. Nahodha wake, Hindi bin Khatim, alikuwa amebeba watumwa wapatao 100. Watu wake walifyatua risasi ghafla, kisha wakairukia mashua kwa mapanga. Mabaharia wengine waliuawa au kutumbukia majini. Brownrigg alibaki peke yake, akapigana kwa kitako cha bunduki huku akijeruhiwa mara nyingi, mpaka akauawa. Lloyd Mathews, kamanda wa askari wa Sultani, alimsaka Hindi Pemba, akamkamata baada ya mapigano. Hindi akafa kwa majeraha yake.

Magendo hayo yalipungua polepole, na mwaka 1897, chini ya himaya ya Uingereza iliyoanza mwaka 1890, Sultani Hamoud alitoa amri ya kuifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba.