Hodi Mara Tatu

Kuna skrini ndogo ya herufi ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki huanza nayo: mistari miwili, herufi 16 kila mstari. Ikiwashwa bila kuandaliwa, mstari wa juu hujaa visanduku vyeusi na wa chini hubaki mtupu. Anayeanza hudhani ameiunguza. Mara nyingi ni nzima. Imesemeshwa kabla haijaamka.

Chipu inayoitawala ni HD44780 ya Hitachi. Waraka wa kiwandani unataka isubiriwe zaidi ya milisekunde 40 tangu umeme ufike volti 2.7. Ndipo ipewe amri ya kwanza, isubiriwe milisekunde 4.1, amri irudiwe, zipite mikrosekunde 100, irudiwe tena. Hodi, hodi, hodi. Ila chipu haiwezi kuitikia karibu: alama yake ya kuonyesha kwamba ina shughuli haisomeki mpaka hodi ya tatu ipite. Draiva, yaani programu inayokiongoza kifaa, haina budi kuhesabu gizani.

Ihesabu kwa saa gani?

Enzi za DOS jibu lilikuwa rahisi: prosesa izungushwe kwenye kitanzi kitupu mara elfu kadhaa, muda utapita wenyewe. Ni sawa na kupima umbali kwa hatua za mtu mmoja, kisha akaja mwenye miguu mirefu. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zilipima kasi ya mashine zilipoanza tu. Prosesa zilipofika kama megahezi 200, jibu la hesabu likawa kubwa kuliko nafasi liliyotengewa, na programu ikafa kwa kosa namba 200 kabla ya kufanya lolote. Windows 95 nayo ilikwama kuwaka kwenye AMD K6-2 ya megahezi 350, kwa kuwa prosesa hiyo ilimaliza vitanzi vya kupimia upesi kuliko walioviandika walivyowaza. Microsoft ikalazimika kutoa kiraka.

Linus Torvalds, muundaji wa mfumo wa Linux, alikuwa mkweli zaidi. Kuanzia 1993, Linux ilipima kitanzi chake cha kusubiri upya kila ilipowaka, kwa kukilinganisha na saa ya mashine, na kipimo hicho akakiita BogoMIPS: kwa jina lenyewe, kipimo cha uongo, kisichofaa kulinganishia kompyuta.

Baadaye namba za muda wa kusubiri zikaanza kutolewa ndani ya draiva na kuwekwa kwenye usanidi. Kwenye bodi za ARM, faili ya maelezo ya vifaa ina mstari kama startup-delay-us, ambapo mtengenezaji wa bodi huandika mikrosekunde za kusubiri baada ya kuwasha umeme. Draiva moja, bodi kumi, namba kumi. Mwaka 2012, Linux 3.4 iliipa draiva ruhusa ya kusema tu kwamba kinachohitajika hakijawa tayari, iitwe tena baadaye. Huo ndio uamuzi bora katika historia hii yote, maana hauhitaji kubahatisha.

Diski za USB zilibaki kwenye kubahatisha: Linux ilizipa sekunde 5, kisha ikapunguza hadi 1. Kwa diski yenye mfumo mzima kuna maneno mawili ya kuchagua kwenye amri ya kuwashia. Rootdelay husubiri sekunde ulizoandika. Rootwait husubiri mpaka diski itokee. Raspberry Pi hutumia la pili, na kadi yenye mfumo isipotokea, huweza kusubiri hadi umeme uzimwe.