Siyu: Ngome na Kalamu

Fort Jesus ya Mombasa ni kazi ya Wareno. Ngome ya Siyu, kisiwani Pate, inahesabiwa kuwa kazi ya wenyeji wenyewe, na hilo pekee linatosha kumfanya mpenzi wa historia aende kuiona.

Safari inataka subira. Boti zitokazo Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa. Mikoko imesimama huku na huku. Ukishuka Mtangawanda, unaendelea kwa pikipiki au kwa miguu, ukipita minazi na mashamba, mpaka Siyu. Ngome iko kando ya hori: kuta nene za matumbawe na chokaa, mabaraza ya mawe langoni, na msikiti ndani.

Mji huu ulikuwa na jina kubwa zamani. Mwaka 1606 padri Mreno Gaspar de São Bernardino aliukuta ukiwa mkubwa kuliko miji mingine ya kisiwa. Mafundi wake walisifika kwa kazi za ngozi na milango ya nakshi, na wanakili wake kwa misahafu waliyoiandika kwa mkono na kuipamba kwa rangi.

Katika miaka ya 1840 Seyyid Said wa Zanzibar alituma majeshi kuutiisha. Watu wa Siyu, wakiongozwa na Bwana Mataka, waliyashinda, na amiri wa Sultani, Hammad bin Ahmad, akauawa. Mji ulisalimu amri mwaka 1863 tu, zama za Sultani Majid.

Bwana Mataka huyo ndiye aliyekuwa mume wa Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858, akiwa mjane mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi ambao hadi leo unasomwa shuleni na vyuoni. Mume alilinda mji kwa silaha. Mke alimwachia mtoto wao wosia kwa kalamu.

Ukiwa Siyu, tafuta mwenyeji akupeleke Shanga, mahame yaliyo pwani ya kusini-mashariki. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba hapo kuanzia mwaka 1980, na chini ya msikiti wa mawe akakuta mabaki ya misikiti ya miti, ya kwanza kabisa ikiwa ya karne ya 8. Watu waliuhama mji huo mwanzoni mwa karne ya 15. Leo kuna kuta, misikiti na kaburi la nguzo katikati ya vichaka.

Tumezoea kuisimulia pwani kama mahali palipofikiwa: na Waarabu, na Wareno, na Waingereza. Shanga na Siyu zinatudai simulizi nyingine, ya watu waliojenga, wakaandika, wakapigana kwa ajili ya mji wao. Watoto wetu wanaousoma utendi wa Mwana Kupona wanastahili kufundishwa pia mji ulioukuza.