Wasiwasi unaoambatana na sonona

Wasiwasi unaoambatana na sonona ni hali ya mtu kuwa na maradhi mawili ya akili kwa pamoja: hofu isiyotulia, na huzuni nzito inayomwondolea hamu ya mambo. Si hali adimu. Karibu nusu ya wenye sonona huwa pia na ugonjwa wa wasiwasi, ambao mara nyingi ndio hutangulia, tangu ujanani.

Kwenye zahanati mgonjwa husema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, usingizi haupati. Hupimwa malaria na presha, akarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu. Huzuni haitaji mpaka aulizwe.

Mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, humtaka daktari aandike pia ukali wa wasiwasi kwa mwenye sonona. Wala huo si urasimu mtupu: wenye yote mawili hukawia kupona, na hatari ya kujiua huongezeka. Dawa za sertralini na fluoksetini hutibu pande zote mbili, ila huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Tiba ya mazungumzo nayo husaidia. Lakini mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akipewa dawa hizo peke yake anaweza kuingia mania, yaani msisimko uliopita kiasi, hivyo huulizwa kwanza kama amewahi kukaa siku kadhaa akilala kidogo mno bila kuchoka.